Nyumba, Maziwa na Posho: Hoja Zisizosimama Bonde la Kilombero

Kuanzia Kidatu kwenye mitambo ya umeme hadi Mlimba kwenye stesheni ya TAZARA, Bonde la Kilombero lina waajiri wa kila aina. Kuna kiwanda cha sukari na mashamba yake ya miwa, kuna misitu ya mitiki, kuna Hifadhi ya Milima ya Udzungwa yenye makao yake Mang'ula. Ifakara mjini kuna Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, taasisi ya utafiti wa afya, halmashauri, mabenki, shule na mashine za mpunga zisizohesabika. Kila penye ajira pana mazungumzo yaleyale: nani anapewa nini juu ya mshahara. Kijana akipata kazi, mjomba wake haanzi kwa kuuliza atalipwa kiasi gani. Anaanza na "wanatoa nyumba? posho ipo?"

Kuuliza si vibaya. Ninachogombana nacho ni majibu yanayofuata, maana yamesemwa vijiweni na kwenye mabasi ya Morogoro mpaka yamegeuka kanuni. Nitayachukua moja baada ya jingine. Kipimo changu nakitaja mapema ili msomaji anikamate nikikikwepa: marupurupu yana maana pale yanapokupa kitu ambacho mshahara wako usingeweza kukununulia hapahapa bondeni. Kile ambacho mshahara ungekinunua, afadhali upewe mshahara.

"Ukipewa nyumba, umepata mshahara wa pili"

Dai hili lina mashabiki wengi, na historia yake ni ndefu kuliko wanavyodhani wanaolisema. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro zama za mkoloni, manamba walipewa kibanda cha kambi na posho ya unga. Ule haukuwa wema. Mwenye shamba alipiga hesabu kwamba mtu anayelala kambini na kula unga wa kampuni hana haja ya mshahara wa kulisha familia, kwa kuwa mke na watoto wako kijijini wanajilimia. Kibanda na unga vikasaidia kuushikilia ujira chini kwa miongo kadhaa. Mkata miwa wa leo yuko chini ya sheria nyingine kabisa, lakini swali bado ni lile: nyumba hii imeongezwa juu ya mshahara, au imechukua nafasi yake?

Mamlaka ya mapato, kwa upande wake, haijadanganyika. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, nyumba ya mwajiri inaingizwa kwenye kipato chako, na asilimia 15 ya mapato yako ya mwaka ni moja ya vigezo vya kuithaminisha. Kwa hiyo huo "mshahara wa pili" unaulipia kodi, ila huwezi kuutuma nyumbani, kuuweka akiba wala kumwachia mtoto.

Isitoshe, nyumba ya kazi inaisha siku kazi inapoisha. Ukitaka kuona uzito wa jambo hili nenda Mang'ula au Kidatu utazame ardhi ilivyobanwa: mlima wa Udzungwa upande mmoja, miwa upande wa pili, na reli inapita katikati. Mtu aliyekaa miaka 20 kwenye nyumba ya kampuni bila kununua kiwanja anatoka kazini akiwa na umri wa kustaafu na mahitaji ya kijana anayeanza maisha. Wakati huo viwanja vilivyo karibu vimeshachukuliwa na wale waliokuwa wakipanga chumba kimoja na kulalamika kila mwezi.

Waulizeni wafanyakazi wa TAZARA. Reli ilianza kujengwa mwaka 1970 na ikakabidhiwa mwaka 1976, pamoja na nyumba za wafanyakazi kandokando ya stesheni. Katikati ya miaka ya 2010 waligoma zaidi ya mara moja kwa sababu mishahara ilikuwa haijaingia kwa miezi. Paa lilikuwepo, treni ilikuwepo, ila unga haukuwepo.

Kuna kifungu cha sheria ambacho wengi wanakijua nusu. Mwajiri akikuachisha kazi mbali na mahali alipokuajiri, anawajibika kukusafirisha wewe na mizigo yako, na kukupa fedha ya kujikimu kwa siku unazosubiri usafiri. Nusu isiyojulikana ni kwamba unarudishwa ulikoajiriwa, na huko si lazima kuwe ulikozaliwa. Kijana wa Njombe aliyekuja mwenyewe akatia saini Ifakara, kwa sheria hii ameajiriwa Ifakara. Asisubiri lori.

Hata hivyo siwezi kulitupa dai hili zima. Mpeleke muuguzi au mwalimu mpya Chita, Mngeta, au vijiji vya nyuma ya Mlimba, halafu umwambie atafute mwenyewe nyumba ya kupanga yenye choo kizuri na mlango unaofungwa. Hela anayo, nyumba hakuna. Huko nyumba ya mtumishi ndiyo inayoamua kama kituo cha afya kitakuwa na mhudumu usiku au hakitakuwa naye. Hata Ifakara mjini, mto Lumemo ukifurika, aliyepewa nyumba sehemu ya juu anayo sababu ya kushukuru. Kwa hiyo nyumba ni marupurupu bora kabisa Mngeta, na ya kawaida sana katikati ya mji.

"Maziwa yanasafisha kifua"

Hili ningelicheka kama lisingekuwa linaumiza watu.

Fika kwenye mashine ya kukoboa mpunga wakati wa mavuno, mwezi wa sita au wa saba, majira ya saa nne asubuhi. Injini inanguruma mpaka mnazungumza kwa ishara. Upande mmoja mchele unamwagika kwenye gunia, upande wa nyuma bomba linatapika pumba, na hapo katikati vijana wanakinga, wanachekecha, wanashona magunia. Vumbi linakaa kwenye kope na kwenye masikio. Mmoja amejifunga kipande cha kanga puani, na tayari kimeshakuwa rangi ya kahawia. Mchana msimamizi anapita na pakiti za maziwa, kila mtu moja, na kila mtu anaamini kwamba sasa kifua kimeoshwa.

Maziwa yanapita kwenye umio na kuishia tumboni. Vumbi limepita kwenye koo la hewa na kuishia kwenye mapafu. Hizo ni njia mbili, na hakuna mahali tumbo linapofungulia mlango mapafu ili maziwa yakasuuze. Maganda ya mpunga yana silika nyingi, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga, na vumbi lake likishaingia ndani kabisa ya mapafu halitoki kwa kinywaji chochote. Anayepulizia viuatilifu shambani, naye hupewa maziwa "ya kuua sumu", yuko hatarini zaidi. Sumu nyingi za shambani hupenya kwenye ngozi, na mtu aliyekwisha kunywa maziwa yake hujiona salama, akaacha kunawa kabla ya kushika chakula.

Kinachosaidia kinajulikana: bomba la pumba lielekezwe nje na mbali na watu, pawe na feni ya kunyonya vumbi, barakoa iwe ile inayochuja kweli, na watu wabadilishane zamu. Vyote hivyo vinagharimu zaidi ya katoni ya maziwa, ndiyo maana katoni ya maziwa inapendwa. Kama chakula, maziwa ni mazuri na wapewe hata kila siku. Yakitolewa kama kinga, ndiyo marupurupu mabaya kuliko yote ninayoyafahamu hapa bondeni.

"Buti, glovu na dawa vinatokana na ukarimu wa bosi"

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na kwa gharama yake. Hapo hapana ukarimu. Mkata miwa anaingia kwenye shamba lililochomwa moto, masizi yanampanda mpaka kwenye meno, na panga lake linapita karibu na ugoko wake maelfu ya mara kwa siku. Glovu, buti na kinga ya ugoko ni sehemu ya kazi kama lilivyo panga lenyewe. Nashangaa ninapoona vifaa hivyo vimeorodheshwa kwenye tangazo la kazi chini ya kichwa "mafao".

Mfano mzuri zaidi uko Ifakara penyewe. Watafiti wa malaria kwa miaka mingi walihitaji kujua mbu wangapi wanamfuata mtu kwa usiku mmoja, na njia waliyoitegemea ni mtu kukaa macho, suruali ameikunja mpaka magotini, ana tochi, na mdomoni ana kibomba cha kunyonyea. Mbu akitua tu mguuni, anamulikwa na kunyonywa kabla hajauma, kisha anapulizwa kwenye kikombe chenye chandarua. Saa baada ya saa, mpaka alfajiri. Wanaofanya kazi hiyo hulipwa, hupimwa malaria na kupewa dawa ya kinga. Nimewahi kusikia watu wakiwaonea wivu: "wale wanatibiwa bure." Kumpa kinga mtu uliyemkalisha mbele ya mbu ni sharti la utafiti, na kamati za maadili hazipitishi utafiti wa namna hiyo bila kulikagua. Taasisi yao ya utafiti ilikwenda mbali zaidi ikajenga pale Kining'ina vibanda vikubwa vya wavu, maarufu kama jiji la mbu, ambamo mbu wanaofugwa bila vimelea vya malaria hutumika kwa majaribio mengi. Huko ndiko kumjali mfanyakazi: hatari yenyewe imepunguzwa, na dawa imebaki kuwa nyongeza.

"Bora watupe hela ya chakula kuliko kutupikia"

Hapa nawapinga wafanyakazi wenzangu, tena wengi.

Hoja yao naielewa. Chakula cha kazini kina sifa mbaya: ugali mgumu, maharage yenye wadudu, mpishi ambaye ni shemeji wa mhasibu. Lakini tuangalie hela ya chakula inavyoishi. Amri ya Mshahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha sekta ya kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 26 za kazi, unapata kama shilingi 5,400 kwa siku. Mtu wa kiwango hicho akipewa shilingi 2,000 mkononi saa sita mchana, hatanunua sahani ya wali na samaki wa kitoga. Atanunua muhogo na chai, na itakayobaki itakwenda kwenye daftari la mtoto. Simlaumu, ningefanya vivyo hivyo. Ila matokeo yake ni kwamba kuanzia saa nane panga linakuwa zito, macho yanalegea, na ajali zinapata nafasi.

Sahani iliyopikwa haiwezi kugeuzwa daftari. Inaingia tumboni mwa aliyeitolea jasho, na katikati ya shamba la miwa au la mpunga, kilomita kadhaa kutoka kwa mama ntilie wa karibu, hicho ni kitu ambacho fedha mkononi haikinunui. Sheria ya kodi nayo imeliona hilo: huduma ya kantini kazini haihesabiwi kuwa kipato, mradi wafanyakazi wote waipate bila ubaguzi. Matibabu yanayolipiwa na mwajiri yana masharti yanayofanana. Meza ya mabosi peke yao haina msamaha huo, na naona sheria imepatia.

Dawa ya ugali mgumu ni kamati ya chakula yenye wafanyakazi ndani yake na mamlaka ya kumwondoa mpishi. Mahali palipo na kamati ya namna hiyo, malalamiko huhamia kwenye mambo mengine.

"Posho ndiyo kila kitu, mshahara ni jina tu"

Ifakara ni mji wa miradi. Utafiti, afya, kilimo, mazingira, maji: kila mmoja una warsha zake, safari zake za vijijini na fomu zake za kusaini posho. Utawasikia watu wenye shahada wakisema bila aibu kwamba hawajali mshahara wa msingi, "cha muhimu ni kutoka nje ya kituo." Huu ndio upotofu wa gharama kubwa kuliko wote.

Chukua wafanyakazi wawili, kila mmoja anapokea shilingi 500,000 kwa mwezi. Wa kwanza zote ni mshahara wa msingi. Wa pili ana msingi wa 200,000 na posho za 300,000: ya nyumba, ya safari, ya simu, ya mazingira magumu. Mwisho wa mwezi wanakunywa soda pamoja na hakuna tofauti. Sasa mradi umefungwa baada ya miaka 10. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kiinua mgongo kisipungue mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mpaka miaka 10. Zinakuwa siku 70. Kwa hesabu ya siku 26 kwa mwezi, wa kwanza anaondoka na takriban shilingi 1,346,000, na wa pili takriban 538,000. Kazi ilikuwa ileile na miaka ileile.

Mambo hayaishii hapo. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa msingi, kwa hiyo wa pili akikesha ofisini anakesha kwa bei nafuu. Nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku inapigwa kwenye msingi uleule. Akienda benki kuomba mkopo wa kumalizia nyumba, ofisa anaangalia kile kinachoingia kila mwezi bila kukosa, na posho ya safari si miongoni mwake. Akiugua akalala wodini miezi miwili, posho ya safari inalala naye.

Mwajiri anayekuja na mshahara mdogo na msururu wa posho anajua hesabu hii. Mfanyakazi anayeshangilia msururu huo ndiye asiyeijua. Sisemi posho ifutwe: anayelala Malinyi siku tano kwa ajili ya kazi arudishiwe gharama zake, tena kwa wakati. Hiyo ni kurudishiwa ulichotumia. Ubaya unaanza pale watu wanapopanga kazi kwa kuzifuata posho, mpaka kijiji kilicho karibu na ofisi hakitembelewi mwaka mzima kwa sababu hakina malazi ya kulipwa.

"NSSF ni makato ya kuibiwa"

Kwa kawaida mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Maana yake kila unapokatwa shilingi 10,000, nyingine 10,000 angalau zinatoka kwake. Hakuna SACCOS wala kibubu kinachokulipa kwa mtindo huo. Wizi unaweza kuwepo, lakini uko kwingine: mwajiri anayekata na asipeleke. Ndiyo maana mwanachama anatakiwa aangalie michango yake mara kwa mara, asisubiri siku anayofika kaunta na kuambiwa mwaka mzima hauonekani.

Wafanyakazi wa msimu nao wana shida ya kweli ambayo wasemaji wa majukwaani huipita juu juu. Pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi 180. Aliye kazini mwaka mzima anaifikisha kwa miaka 15. Mkata miwa ambaye kazi yake inasimama masika, tuseme anafanya miezi 9 kwa mwaka, anahitaji miaka 20 ya kurudi bila kuruka msimu hata mmoja. Miaka 20 ya panga. Hapo mtu akisema pensheni haimhusu, sina la kumjibu kwa ushabiki. Namwambia tu kwamba michango haipotei, na kwamba yako mambo mawili yanayomhusu leo hii.

La kwanza ni likizo. Wengi wanaamini mfanyakazi wa msimu hana likizo ya malipo, na wasimamizi wengine hawana haraka ya kuwasahihisha. Sheria ya Ajira ya 2004 inamtaja kwa jina lake: aliyeajiriwa kwa msimu anastahili likizo yenye malipo, hata kama hajafikisha miezi sita ambayo mwingine hutakiwa kuifikisha.

La pili ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Huo unachangiwa na mwajiri peke yake na haruhusiwi kukukata hata senti. Ukikatwa na panga au ukianguka kwenye trela la miwa, unatibiwa na kulipwa asilimia 70 ya mshahara wako kwa kipindi ambacho huwezi kufanya kazi, hadi miezi 24. Chini ya sheria ya zamani ya kikoloni iliyotangulia mfuko huu, fidia ya kifo haikufika hata laki moja. Nimekaa na vibarua waliokuwa wakizijua bei za fulana za Mei Mosi na hawajawahi kusikia habari za mfuko huo. Mwajiri mmoja ambaye simtaji alimpa kijana aliyekatika vidole viwili kilo 25 za mchele na "pole ya bosi", na mtaa mzima ukamsifia kwa moyo wake.

Madai madogo madogo

"Gari la kazi ni heshima." Ni heshima kwa jirani. Kwako ni kipato kinachotozwa kodi kwa ukubwa wa injini, na simu ya kuitwa Jumapili. Pikipiki walizogawiwa maafisa ugani mwaka 2022 ni vitendea kazi, na ziitwe hivyo hata zinapoonekana zimeegeshwa nje ya baa.

"Cheti cha mfanyakazi bora kinatosha." Kinatosha kuning'inizwa ukutani. Mwenye kutoa cheti bila bahasha awe na ujasiri wa kukiita cheti.

"Kofia na fulana za Mei Mosi." Hizo ni matangazo ya mwajiri, na anayeyabeba kifuani juani ni wewe. Kitenge cha Siku ya Wanawake kinachokatwa kwenye mshahara bila kuulizwa ni kibaya zaidi, na sheria haimpi mwajiri ruhusa ya kukata bila maandishi yako.

"Tunatibiwa kwenye zahanati ya kampuni, bima ya nini?" Zahanati iko hapa, mama watoto yuko Mahenge. Na siku ukipewa rufaa ya Muhimbili, zahanati haikufuati.

"Kupelekwa kusoma ni kucheleweshwa." Dai hili ni la ajabu kutoka kwa watu wa Ifakara kuliko wengine wote. Mswisi Rudolf Geigy alipoanzisha maabara yake hapa mwaka 1956, mji ulikuwa mdogo na barabara mbaya. Mwaka 1961 kikafunguliwa chuo cha kufundishia wahudumu wa tiba wa vijijini, na kutoka kwenye mizizi hiyo leo kuna taasisi kamili ambayo, pamoja na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, imefundisha hadi shahada ya uzamili. Masomo yanayolipiwa na mwajiri ndiyo marupurupu pekee ambayo hayawezi kudaiwa siku unapokabidhi funguo. Soma tu vizuri mkataba wa kurudi kutumikia: miaka mingapi, na ukivunja unarudisha kiasi gani.

"Likizo ni ya wavivu, mimi naiuza"

Nimeacha hili mwisho kwa sababu hapa ndipo bonde letu linapotofautiana na Dar es Salaam.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo zenye malipo. Mtu wa mjini akizipata anakwenda kuwasalimu wazazi na kulala. Mtu wa Kilombero, awe karani wa benki, mwalimu au fundi wa kiwandani, ana ekari zake mbili au tatu za mpunga upande wa pili wa mto Kilombero. Kabla daraja la Magufuli halijafunguliwa mwaka 2018, kufika huko kulimaanisha kivuko na kumwomba Mungu. Siku hizi daraja lipo, lina urefu wa mita 384, kinachokosekana ni muda. Kulima na kupanda kunaangukia Desemba na Januari. Mwezi wa nne na wa tano lazima mtu akae kwenye dungu kuamia ndege, la sivyo kwelea kwelea wanavuna kabla yako. Mwezi wa sita ni kukata na kupiga. Asiyekuwepo analipa vibarua, anaibiwa magunia, na anarudi kazini na mchele wa kula tu.

Kwa hiyo anayeuza likizo yake ya Desemba kwa mshahara wa mwezi mmoja mara nyingi ameuza msimu mzima wa mpunga. Na anayelazimishwa kuchukua likizo mwezi wa tisa, wakati mashamba ni makavu na yamechomwa moto, amepewa siku 28 za kukaa barazani.

"Lakini mwajiri ndiye anayepanga tarehe," wananiambia. Kweli, ana haki hiyo, ila haina upana usio na mwisho: likizo itolewe ndani ya miezi sita baada ya mzunguko wa mwaka kumalizika, na hata ikisogezwa kwa ridhaa yako kwa mahitaji ya kazi isizidi miezi kumi na miwili. Ndani ya nafasi hiyo panajadilika. Siku 28 zinaweza kukatwa vipande, 14 za kupanda na 14 za kuvuna. Ofisi ya watu kumi inaweza kupanga zamu mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanza, kila mmoja ataje shamba lake liko wapi na analima lini.

Vyama vya wafanyakazi kama TPAWU hukaa na waajiri wa mashambani kujadili mikataba ya hali bora za kazi, na kila mara mjadala mrefu ni wa asilimia ya nyongeza na posho za hapa na pale. Kipengele cha likizo mbili za kilimo kinaandikwa kwa mistari mitatu na hakimgharimu mwajiri shilingi hata moja zaidi ya anazolipa sasa. Mwezi wa kumi hauko mbali, na viongozi wa matawi wanapatikana Kidatu, Mang'ula na Ifakara mjini.